Picha ya Thelathini na Sita

Mchumba wangu alikaa Bukoba miezi kumi na tano bila kunitumia telegramu hata moja.

Nilipougua malaria, aliandika barua. Bibi yangu alipofariki, aliandika barua, tena ikafika matanga yameshaanuliwa.

Halafu siku moja, Juni 1996, mtu wa posta akaja na baiskeli mpaka shuleni nilikokuwa nafundisha. Nikaitwa nje ya darasa. Telegramu, kutoka Bukoba.

Nilipiga ishara ya msalaba kabla sijaifungua. Mnaokumbuka enzi zile mnajua, telegramu ilikuwa ya msiba.

Niliisoma mara tatu.

GAUDENCE HAYUPO PICHANI. ANAUMWA? JIBU HARAKA. AIDAN.

Ndugu zangu, mimi sikuwa namjua mtu yeyote anayeitwa Gaudence.

Naitwa Devota. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka chuo cha ualimu Matogoro, nafundisha darasa la tatu pale pale Songea mjini.

Aibu yangu ilikuwa ya kuchekesha. Nikienda dukani kununua chumvi nikapewa sukari, nalipia sukari narudi nayo nyumbani. Mama alishachoka kunisema.

Aidan nilimkuta benki, siku nilipokwenda kufungua akaunti ya mshahara. Nilikosea saini mara tatu kwa sababu alikuwa ananitazama.

"Mwalimu, usiwe na haraka," akaniambia. "Mimi hapa natoka saa tisa."

Nikacheka. Kwangu mimi kucheka na mwanaume nisiyemjua lilikuwa jambo kubwa. Baada ya miezi mitano barua ya posa ilikuwa mezani kwa baba.

Machi 1995 akahamishiwa Bukoba. Fungua ramani uone, ni kona hii na kona ile ya nchi.

Siku ya kuondoka, pale stendi, alinivisha kamera yake shingoni. Zenit, nzito, ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa. Alishanifundisha kuitumia.

"Nitaukumbuka sana mji huu, Devota. Uwe unautembea kwa niaba yangu."

Basi likaondoka. Nililia mpaka mpiga debe akanionea huruma.

Tangu hapo kila mwezi ilikuja barua, na ndani ya barua kuna njia. Jumamosi ya kwanza ya mwezi natoka asubuhi na mapema na filamu moja, picha thelathini na sita, nyeusi na nyeupe, nafuata alivyoniagiza.

Mwezi wa kwanza aliandika: "Anzia soko la Majengo. Mfuate mtu wa kwanza utakayemwona amebeba kitu kichwani. Akiingia kwake mwache, mfuate mwingine."

Mwezi mwingine: "Tembea upande wa kivuli tu. Kivuli kikiisha, vuka."

Mwingine: "Pinda kulia kila ukisikia redio."

Huo wa redio ulinitesa. Miaka ile kila aliyeuza kahawa vizuri alinunua redio kaseti, kwa hiyo nilipinda kulia, kulia, kulia, nikajikuta nimepita meza ile ile ya mitumba mara nne.

"Mwalimu," akasema muuzaji, "ukipita ya tano naleta mahari."

Wenzake wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilimpiga picha, koti la kizungu begani, mdomo wazi. Ilitoka nzuri sana.

Wengine waliniogopa. Mama mmoja alinisimamia mbele ya nyumba yake, mikono kiunoni.

"Unapima nini hapa?"

"Shikamoo mama. Napiga picha tu."

"Marahaba. Picha ya nini? Viwanda mmeuza, mashirika mmeuza, sasa mmefika kwenye choo changu?"

Machozi yakaanza kunilenga. Akaniangalia, akalainika.

"Haya piga, mwanangu. Ila choo usikitoe."

Niseme ukweli, miezi ile ndiyo niliyoishi kuliko yote. Mji niliokuwa naupita nimeinamisha kichwa nikaanza kuutazama. Nilijua ni uchochoro upi una baridi hata saa sita mchana, ni ukuta upi watoto wameandikia mkaa majina ya wachezaji mpira, ni baraza lipi wazee wananyamaza ukipita na kuanza kucheka ukishapita. Watu nilioshindwa kuwasalimia nilianza kuwasalimia mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa na kamera ya kushika.

Na kila hatua nilikuwa naona natembea na Aidan.

Sharti moja halikubadilika. Picha ya mwisho, ya thelathini na sita, kila mwezi niipige Bombambili, kwenye bomba la maji, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama juu ya jiwe lile lile.

"Ili nione muda unavyopita," aliandika.

Maneno hayo niliyakariri. Niliona hakuna mwanaume mwingine Tanzania nzima anayeweza kuandika hivyo.

Kutoka Bombambili nilikuwa napeleka filamu kwa Mzee Kajetani, mwenye studio Majengo. Yeye anasafisha, yeye anachapa, Jumatatu nafunga bahasha naenda posta. Zile thelathini na tano nilizitazama mpaka nikaota. Ya mwisho, hapana. Bomba, foleni ya ndoo, mama wa maandazi na karai lake la mafuta, watoto wamejazana. Picha inayofanana kila mwezi, nani ataikodolea macho? Niliiweka chini kabisa ya bahasha.

Mei 1996 matangazo yetu ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Paroko wa Bukoba alishaleta karatasi za Aidan. Jumapili tatu padri alitaja majina yetu na kuuliza kama kuna anayejua kizuizi chochote. Jumapili tatu nikaangalia viatu vyangu. Hakuna aliyesimama.

Ndoa ilikuwa Julai. Gauni lilishakatwa. Aidan angefika na likizo yake wiki mbili kabla.

Ndipo ikaja telegramu ile.

Nilitoka shuleni moja kwa moja kwa Mzee Kajetani, kwa sababu ilisema pichani, na picha zangu zote zilipitia mikononi mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bibi harusi."

"Mzee, kwenye picha zangu kuna mtu anaitwa Gaudence?"

Akafikiri. "Mtu mzima au mtoto?"

"Sijui."

"Watu wazima kwenye picha zako wanapita tu, hawakai. Labda yule mtoto wa thelathini na sita. Jina lake silijui, lakini yule meno ameotea kwenye chumba changu cha giza."

"Mtoto gani?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na boksi la picha ndogo za kujaribia, anazozitunza miaka yote. Akachagua zile za mwisho tu. Akazipanga mezani, moja baada ya nyingine, kumi na tano.

Aprili, mgongoni kwa mama wa maandazi, inaonekana kofia tu. Halafu ameketi kwenye khanga. Halafu ameshikilia ndoo, anajaribu kusimama. Krismasi ilishapita, yuko wima, ameshika kidole cha mama yake. Machi anatembea, anakuja upande wangu. Mei yuko karibu kabisa na kamera, anacheka, nusu ya kichwa imekatika.

Watoto wote wa pale bombani wamejaa vumbi, wengine vifua wazi. Yeye yuko na shati jeupe, kola imepigwa pasi. Mwezi hadi mwezi.

Juni, karai lipo, mama yupo. Mtoto hayupo.

"Mimi nilidhani ni wa ndugu yako," akasema Mzee Kajetani taratibu. "Pole, mwanangu. Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilikwenda Bombambili kwa miguu na kamera begani, maana siku zile sikuiacha hata nikienda shuleni. Sikumbuki nilipita wapi.

Yule mama alikuwa pale pale, anageuza maandazi. Msichana wa rika langu tu, ila jua na moshi vilimkomaza. Nilijua jina lake kwa kusikia watu wakimwita: Asumpta.

"Mwalimu, leo si Jumamosi," akasema.

"Gaudence yuko wapi?"

Hakushtuka. Aliepua karai, akafuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo amekuuliza."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Hakusema nani. Na mimi sikuhitaji kuuliza.

Akaniingiza ndani. Mtoto alikuwa ameketi mkekani anatafuna muhogo wa kuchemsha, ana sweta la baridi. Mzima kabisa. Masikio yale ya Aidan, yaliyosimama kama yanasikiliza jirani.

"Haumwi?"

"Haumwi. Jumamosi ile nilimficha humu ndani. Makusudi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa kanisani, benchi la nyuma yenu. Padri aliuliza kizuizi. Mwalimu, kizuizi nilikuwa nimekibeba mgongoni, kimelala. Miguu ikakataa kusimama. Nikasema basi, kama anaoa, picha ya mwanangu haioni tena."

"Ulijuaje kama picha zinakwenda kwake?"

Akanyoosha mkono, akagusa mkoba wa kamera pale ulipowahi kupasuka.

"Huu uzi mwekundu unadhani nani alishona?"

Nilikuwa nimeuvaa shingoni miezi kumi na tano.

"Alimkataa mtoto mbele ya mama yangu," akaendelea. "Alisema si wake. Akahamishwa. Mwezi haujaisha unatokea wewe na kamera yake, unapanda juu ya jiwe, unamlenga mwanangu. Siku ya kwanza nilitaka nikumwagie mafuta."

"Mbona hukunimwagia?"

"Ulinisalimia vizuri."

Akainama. "Nikafikiri, kumbe anataka kumwona. Basi amwone akiwa msafi. Kila Jumamosi ya kwanza nilimwogesha alfajiri, nikampigia pasi shati. Nilijua ipo siku atashindwa kuvumilia, atakuja."

Nilikaa chini kwenye mkeka.

Watu wawili walikuwa wanazungumza mwaka mzima na zaidi. Aidan anauliza kwa kunisimamisha kwenye jiwe, Asumpta anajibu kwa shati jeupe. Siku alipokasirika alijibu kwa kumficha mtoto. Na mwenzake akalia kwa telegramu.

Mimi nilikuwa posta yao.

"Nisamehe, mwalimu," Asumpta akasema.

Tulilia wote wawili. Mtoto alitushangaa, kisha akaja akaniwekea kipande cha muhogo mkononi, kimelowa mate.

Nyumbani nilipowasimulia, mama alinijia juu. "Devota, una wazimu? Mwanaume wa benki! Nani asiyekuwa na mtoto nje? Ndugu wa kijijini Mpitimbi walishaalikwa, nitawaambia nini?"

Baba alichukua kofia yake akatoka nje. Hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nilikwenda parokia peke yangu. Padri alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, mtoto si kizuizi cha ndoa. Kanisa halikatazi hilo. Kizuizi ni nini hasa?"

Mimi, ninayerudi nyumbani na sukari badala ya chumvi, nikamtazama usoni.

"Kizuizi ni mimi, Baba. Sitaki."

Kisha nikaenda posta. GAUDENCE MZIMA. NJOO UMWONE KWA MACHO YAKO. NDOA HAIPO. DEVOTA.

Mtanicheka, lakini bado nilikuwa nampenda. Niliandika ndoa haipo huku nikiomba aje. Kama si kwangu, basi kwa yule mtoto. Nilitaka angalau hatua zangu zote zile ziwe zimemleta mtu mahali.

Siku aliyokuwa afike kwa likizo nilimkuta Asumpta stendi kabla yangu. Hatukuwa tumepanga kukutana, siku nilikuwa nimemtajia tu. Gaudence alikuwa na shati jeupe, kola imenyooka. Tulikaa benchi moja.

Basi la kutoka Dar, alikokuwa aunganishie safari, liliingia saa kumi na nusu jioni. Watu walishuka mmoja mmoja. Kila aliyeshuka, Asumpta alimsogeza mtoto mbele kidogo.

Konda akafunga mlango.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua. Kurasa mbili za kuomba msamaha, mwandiko mzuri kama kawaida yake. Alisema ana aibu, alisema ningekuwa mke mwema. Chini kabisa, baada ya saini, aliongeza:

"Nina ombi moja. Kama utaweza, endelea na ile ya bombani. Hata moja tu kwa mwezi."

Nilimpelekea Asumpta, nikamsomea. Aliniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia.

Aligeuza kwanza maandazi yote kwenye karai, moja moja.

"Mwalimu," akasema, "huyu hataki mtoto. Anataka picha."

Sikumjibu Aidan. Mzee Kajetani alinichapia upya zile kumi na nne zenye mtoto, kubwa, nikampa Asumpta. Hakuwa na picha ya mwanawe hata moja. Alizipokea kwa mikono miwili na kuzifunga ndani ya khanga, bila kuzitazama mbele yangu.

Kamera niliirudisha Bukoba kwa rejista ya posta. Kisha nikaomba uhamisho kwenda Mpitimbi, maana Songea nilikuwa siwezi tena kusikia redio bila mguu kutaka kupinda kulia. Mpitimbi barabara ilikuwa moja tu. Nililia huko karibu mwaka mzima, kimya kimya, nikisahihisha madaftari.

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya mabinti wapole kama nilivyokuwa mimi. Upole si dhambi. Lakini mtu akikuchorea njia ya kupita, hata kama ameichora kwa maneno matamu kiasi gani, muulize kabla hujavaa viatu: inaishia mlangoni kwa nani?