Ya Chooni Yaishie Chooni

Mama Spana alikuwa na tabia moja iliyowachekesha mafundi bomba wenzake. Kabla ya kufungua bomba, hulipigapiga kwanza kwa mpini wa spana huku ametega sikio, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Bomba zima hulia. Lililoziba hununa.

"Bomba halisemi uongo," alizoea kusema. "Mwongo ni fundi mwenye haraka."

Siku hiyo alijua kwamba fundi huyo mwenye haraka ni yeye mwenyewe. Wiki mbili nyuma, bomba kubwa la maji machafu katika jumba la ghorofa tatu lilipoziba, alichokoa chini kabisa, akavuta fundo dogo la nywele bandia, akalinyanyua mbele ya wapangaji wote. "Nywele!" akasema. Neno moja tu, na macho yote yakamgeukia msusi wa chini. Mwenye nyumba akaapa kwamba likiziba tena, msusi anahama.

Sasa lilikuwa limeziba tena. Msusi alikuwa amekaa mlangoni, kitana kimechomekwa kichwani, viti vyake viwili vimekwisha kufungwa kamba. Mwenye nyumba alitarajiwa saa kumi.

"Haya, fundi," msusi akamwambia. "Leo utatoa nini? Manyoya?"

"Leo nanyamaza mpaka bomba liseme, dada yangu."

Akaanza kugonga toka chini, ngazi kwa ngazi. Chini, bomba lililia. Ghorofa ya kwanza, likalia. Lilipopita ghorofa ya pili kuelekea ya tatu, likanuna. Mama Spana akasimama. Nywele zina mambo mengi, lakini hazipandi ngazi. Akafungua kizibo, akaingiza waya, akavuta. Zikatoka sodo, moja baada ya nyingine, zimevimba kama vigodoro vya mwanasesere.

Juu pale milango ilikuwa mitatu, lakini wasichana walikuwa nyuma ya mmoja tu: wa Mwalimu. Mwanamke huyu, mwalimu mkuu mstaafu na mjane, alimfundisha darasa la nne. Sasa alikuwa akilea wajukuu wawili katika nyumba ambamo hata mapazia yalining'inia kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nywele tena, bila shaka?"

"Naomba tuongee ndani."

"Sema hapo hapo. Kwangu hakuna cha kuficha."

"Kipo, Mwalimu. Ila kimekataa kufichika."

Mwalimu akachungulia ndoo, akamvuta ndani upesi na kufunga mlango. "Haiwezekani! Wajukuu wangu wana malezi."

"Malezi wanayo. Bomba ndilo halina. Vitu hivi kazi yake ni kunywa maji, na humo ndani maji ni ya bure."

Mama Spana akaomba kuona choo. Kilimeta kwa usafi. Juu ya tangi kulikuwa na kibao chenye mwandiko wa shule, herufi zimenyooka kama wanafunzi mstarini: YA CHOONI YAISHIE CHOONI.

Wajukuu wakaitwa.

"Nani amewafundisha kutupa sodo chooni?" Mwalimu akauliza.

Wasichana wakatazamana. Mkubwa akajibu, "Wewe, Bibi."

"Mimi?"

"Nilipovunja ungo ulinionyesha kibao. Ukasema sheria ni hiyo, nisiulize zaidi."

"Nilimaanisha msiyazungumze sebuleni!"

"Hukusema hivyo, Bibi," akadakia mdogo. "Sisi tumetii tu. Kila mwezi tunatii."

Mama Spana aliuma midomo, lakini kicheko kikamponyoka. Mwalimu akamkazia jicho la darasa la nne, kisha naye akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega.

"Mwalimu," fundi akasema waliponyamaza, "chini kuna mtu anafunga viti. Nitashuka niseme kwamba si nywele. Mlango sitautaja."

Mwalimu akaitazama picha ya marehemu mumewe ukutani. Jina la nyumba ile halijawahi kushuka ngazi kwa aibu.

"Usipoutaja, watatajwa majirani," akasema hatimaye. "Nyumba yangu haijengi heshima kwa kubomoa ya mwenzake. Nipe viatu."

Saa kumi mwenye nyumba alipofika, aliwakuta wote uani.

"Niliyesema nywele ni mimi," Mama Spana akaanza. "Nilikosea. Nisamehe, dada."

"Na kilichoziba bomba kimetoka kwangu," Mwalimu akasema, kidevu juu. "Ni sodo. Kosa ni la lugha, na lugha ni yangu."

Mwenye nyumba akajifanya anakagua kamba za viatu vyake. "Basi... kama ni hivyo... yameisha," akasema, akaondoka mbio zaidi kuliko alivyokuja.

Msusi akafungua viti. "Nami nitaweka chujio, nywele zangu zisije zikapata kesi nyingine. Mwalimu, kaa hapa nikusuke. Mtu jasiri hasukwi kwa zamu."

Jumapili Mama Spana alipita kusikiliza bomba. Chooni kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, na kibao kipya: SODO IFUNGE KWENYE KARATASI, ITIE NDOONI. YA KITAMBAA ILOWEKE, IFUE, IANIKE JUANI. Za kitambaa Mwalimu alizishona mwenyewe kwa cherehani yake ya zamani, baada ya fundi kumweleza kwamba moja hutumika mwaka na zaidi, na haiujui mlango wa bomba. Mwanzoni alitaka zikaukie uvunguni. Fundi akakataa: uvungu huzaa ukungu, jua ndilo dawa.

Fundi, Mwalimu na wajukuu walikuwa juu ya paa wakizianika, wote wanne, mwenye nyumba alipopanda kutazama tangi la maji. Akasimama mbele ya kamba.

"Bendera ndogo ndogo hizi za nini?"

Wasichana wakamtazama bibi yao.

"Sodo," Mwalimu akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka dawati la nyuma. "Na usogee, baba. Unazikinga jua."