Nani Alimtoa Truphena kwenye Video?

Saa tisa alasiri, Priscah Angwenyi anaingia sebuleni kwa Truphena, katika kijiji cha Kisegi, na hakaribishwi chai. Anajua hapo hapo kwamba mambo si shwari.

Priscah hupiga video za harusi na mazishi, na dukani kwake Migori mjini huwawekea watu filamu kwenye flashi. Leo ameitwa kujitetea. Katika video aliyopiga kwenye mazishi ya mume wa Truphena, Truphena mwenyewe, mke mkubwa, haonekani kaburini. Milka, mke mdogo, yupo ukingoni mwa kioo cha TV, mkono mmoja ukiishia nje kana kwamba anamsukuma mtu.

"Milka alikupatia nini ndio unitoe?" anauliza Truphena, rimoti kifuani. "Mimi nililia siku hiyo mpaka sijui nilisimama wapi. Sasa watu watasema sikuzika bwanangu."

Wake wenza hao hawajasalimiana tangu video ifike.

"Sijakata kitu, mama," anasema Priscah. Habari kama hii ikifika sokoni, nani atamwita tena kwenye mazishi?

Anaitazama picha kwa makini. Nyuso ni kubwa mno.

"Mama, nani alikuza hii picha ijae TV yote?"

"Mimi. Ilikuwa na nyeusi juu na chini. Sikununua TV nusu."

Malalamiko hayo Priscah anayajua. "Wengi hufikiria hiyo nyeusi nimeficha kitu," anaeleza. "Wakijaza, nyeusi inatoka, lakini walio pembeni wanakatwa." Na siku ile wajane walisimama kwa kufuata nani aliolewa kwanza, kwa hiyo mke mkubwa alikuwa wa kwanza, pembeni kabisa mwa mstari.

Anaomba rimoti. Truphena anakataa katakata.

"Niambie penye nitabonyeza. Wewe usiguse."

Anabonyeza. Weusi unarudi juu na chini, picha inapungua, na pembeni anatokea mwanamke aliyelegea magoti: ni Truphena. Mkono wa Milka umemzunguka kiunoni. Ndio uliomzuia asianguke.

Truphena anarudisha nyuma, anatazama tena. Anamwangalia Priscah, bado hajaridhika. "Na hii hujaiweka saa hii?"

"Rimoti si uko nayo wewe, mama?"

Priscah anapanga kuweka TV kubwa dukani, kila familia itazame video yake nzima kabla ya kuichukua. "Nimechoka kushukiwa," anasema.

Truphena anaiacha picha na weusi wake, anafungua dirisha linalotazama nyumba ya pili, ya mke mwenza.

"Milka," anaita. "Kuja uone kitu. Na ukuje na chai, tuko na mgeni."