Aya ya Punda na Ng'ombe wa Jirani

Kabla ya ubatizo, mwalimu wa dini alimpa kila mmoja wetu aya ya kukariri. Wenzangu walipata za mchungaji na malisho. Mimi nikapewa ya punda. Ilikuwa fupi, imo katika sheria za Musa: ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimpite, mwinue pamoja na mwenyewe. Niliikariri siku moja nikaona nimepata nafuu. Nilipoisema darasani, mwalimu akaniuliza kwa nini Mungu hakuanza kwa kutuagiza tumpende mwenye punda. Nikanuna. Akaniambia nitafute jibu taratibu, ubatizo utaningoja.

Nilikuwa mke kijana huku Iramba, enzi za Mwingereza. Mume wangu alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na mume wa jirani yangu vilevile. Nyumba zetu za tembe zilitazamana, lakini sisi wawili tulikuwa hatujasalimiana kwa masika mawili. Chanzo kilikuwa maji. Kiangazi tulichimba mchanga wa korongo, kila mwanamke na shimo lake, na mtu hachoti shimo la mwenzake bila kuomba. Yeye alichota langu. Mimi nikamwaga maji yake mbele ya watu, nikaongeza na maneno. Nilikuwa na ulimi mkali siku zile, na hata sasa sijapona.

Mwaka huo mvua ilichelewa, ng'ombe wakakonda hadi wakilala usiku hawawezi kusimama asubuhi. Desturi yetu ilikuwa kupiga yowe, majirani waje kuinua: mmoja anashika mkia, wengine wanapitisha mti chini ya tumbo. Ng'ombe asiyeinuliwa kabla jua halijawa kali hafiki jioni. Jirani yangu alikuwa amebakiwa na mmoja tu, mwenye mimba, na watoto wake watatu walikuwa wakiyangoja maziwa yake.

Asubuhi moja nilimsikia akihangaika zizini peke yake. Hakupiga yowe, maana jirani wa karibu wa kuitika nilikuwa mimi tu. Nikaendelea kutwanga. Uwele ulishakuwa unga kitambo, lakini nilitwanga tu, kwa nguvu, ili nisimsikie. Ndipo aya ile ikanijia, na nakiri iliniudhi. Nikatupa mchi, nikaenda.

"Shika mkia," nikamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza baada ya masika mawili.

Tulimwinua mara tatu akaanguka. Mara ya nne akasimama akitetemeka, nasi hatukuweza kumwachia. Tukabaki tumemwegemea, mimi upande huu, yeye upande ule, mbavu za ng'ombe zikipanda na kushuka kati yetu. Hakuna aliyeweza kuondoka. Hapo nikaelewa. Kama tungeagizwa kupendana kwanza, tungekuwa bado tunabishana juu ya maji ya korongo, na ng'ombe angefia chini. Lakini mnyama mzito hanyanyuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo wanaochukiana inabidi wasogeleane wakiwa bado wanachukiana. Jumapili nilimweleza mwalimu hivyo. Akakohoa, akaniandika jina katika orodha ya ubatizo.

Tangu siku ile nilikwenda kwake kila alfajiri. Nikajua kwamba huimba puani anapoinua, na kwamba mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu. Zilikuwa asubuhi za njaa, lakini nazikumbuka kwa hamu ambayo naona hata haya kuisema: baridi, vumbi la samadi, sauti zetu mbili zikihesabu moja, mbili, haya. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeshiba mara nyingi, wala sijapata tena asubuhi kama zile.

Ng'ombe alikufa siku chache kabla ya mvua, na ndama wake tumboni. Kesho yake miguu ilinipeleka kulekule. Nilimkuta jirani yangu amekaa mlangoni.

"Leo hakuna wa kuinua, mwenzangu," akasema.

Nikamjibu kwamba najua. Akasogea, nikakaa kando yake. Hatukuwa tumewahi kukaa pamoja bila kazi. Nikamwambia mbuzi wangu mmoja ana maziwa, watoto waje wanywe kwangu. Ndipo akalia, na mimi nikalia naye, nikimlilia ng'ombe ambaye hakuwa wangu.