Nilikatazwa Kutema Mate

Kwa miaka minne niliishi bila meno ya mbele ya juu, na nitasema wazi, aibu ilinimaliza. Mimi niliyefundisha shule ya msingi hapa Kibugu hadi nikastaafu, nikisimama kanisani kusoma Neno watoto walichekea viganjani. Meno ya kubandika yalikataa kukaa. Daktari wa meno mjini Embu alinieleza kwamba tangu meno yang'oke, mfupa wa taya umekuwa ukiisha polepole, na sasa hauna unene wa kushika hata skrubu ya jino bandia. Ilibidi kwanza aujenge.

Akapasua ufizi, akajaza unga wa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, akashona. Mke wangu alisema basi atakuwa akinikatia majani ya nepia kama ng'ombe. Daktari hakuwa na mzaha. Kwa wiki mbili nisiteme mate hata kidogo, niyaache yadondoke yenyewe, maana nikitema nyuzi zitaachia na unga utoke. Ufizi wangu ulikuwa mwembamba, hautavumilia kushonwa mara ya pili. Nilitii. Nilishinda na kitambaa kidevuni kama mtoto anayeota meno.

Siku ya tisa mwanangu na mkewe walimleta mtoto wao mchanga, wajina wangu, nimbariki. Kwa Kiswahili nilichofundisha, kumtemea mtu mate ni kumtukana. Kwetu, mzee humtemea mtoto mate kifuani, kidogo tu, na hiyo ndiyo baraka. Nilimwekea mkono kichwani nikaomba, nikawaambia Mungu hana haja na mate. Kwa kweli nilikuwa nikiomba wanihurumie.

Mwanangu akafungua shali ya mtoto. Mzaliwa wao wa kwanza alikufa akiwa na wiki tatu.

"Baba," akasema, "yule wa kwanza hatukumleta."

Dakika ile nilimchukia, mwanangu wa kumzaa. Kisha nikatema.

Damu ilinijaa kinywani. Kwenye kifua cha mtoto niliona mate mekundu yenye chembe nyeupe. Mama yake aliyapangusa kwa shali, akanishukuru.

Kesho yake daktari alinichungulia kinywani, akavua glavu. Akauliza kama nilitema. Nikakubali. Akauliza ni kwa nini, nami nikalia palepale kitini, mdomo wazi.