Mtambo Uliojifunza Kusalimia

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta Kibondo, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umeimeza barabara yote ya kwenda Kasulu. Nilibaki mlangoni na simu mkononi, naangalia weupe ule kana kwamba angetokea humo na koti lake kubwa, aniulize mbona sijanywa chai. Malaria, walisema, na kuchelewa hospitali. Nimelia, wasomaji wangu, na sioni haya kusema. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mtu niliyezoea kumpitia kila nilipokwenda Kasulu, katika chumba nyuma ya fundi cherehani, ambako yeye na vijana wawili walitengeneza programu za kompyuta na kuwashangaza waliodhani kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam peke yake.

Programu yao ya kwanza ilikuwa ya maharage. Mkulima wa Titye au Muyama alituma jina la soko kwa simu, akajibiwa bei. Ilikwenda taratibu, kama mambo mengi ya kwetu milimani. Kisha mwaka 2015 Warundi wakaanza kumiminika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wengi wamepotezana njiani, naye akaongeza kitu kidogo: tuma jina lako na jina la unayemtafuta, majina yakikutana, nyote mtaarifiwa. Alidhani watatuma watu wachache. Haukupita muda, ile kompyuta waliyoiita mtambo ikawa inahema. Wakulima wakalalamika hawapati bei, kijana mmoja akakata tamaa akaenda zake Mwanza, na rafiki yangu akawa anasinzia mezani huku simu zikiita.

Nilikuwapo siku walipogundua kilichokuwa kinawakaba. Programu ilisoma maneno ya mwanzo kuwa ndiyo jina. Lakini nani kwetu huku, au ng'ambo ya mpaka, anaanza na jina? Watu walianza na "Amahoro", yaani amani kwa Kirundi, wakauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na mtambo ukawajibu: "Haijaeleweka. Tuma tena." Nao wakaona wamekosa adabu, wakatuma tena kwa salamu ndefu zaidi! Nilicheka hadi nikashika mbavu, mpaka rafiki yangu aliponisomea ujumbe wa binti mmoja: "Amahoro, wakubwa. Mnisamehe, labda jana sikuwasalimu vizuri. Mko salama na jamaa wote? Namtafuta mama, tulipotezana mpakani." Alikuwa ameutuma mara nyingi.

"Kaka, tuwaambie waache salamu," alisema kijana aliyebaki. "Waandike majina tu, tutapumua."

"Mtu kapoteza mama yake na bado ananijulia hali," alijibu, "halafu mimi nimwambie anyamaze?"

Akaisimamisha huduma ya maharage kwa muda, akaifundisha programu kuisikiliza salamu hadi mwisho, kuiitikia, ndipo itafute majina. Ilipowashwa tena, majina yakaanza kukutana. Mama wa yule binti alikuwa kambi ile ile, upande wa pili, naye alikuwa akiusalimu mtambo siku zote hizo. Wote wawili walikuwamo humo, kila mmoja nyuma ya salamu zake.

Tangu msiba huu nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyokua. Ofisi ikipata watu wengi, kitu cha kwanza kufupishwa ni maneno mazuri. Foleni ikirefuka, anayehudumia hainui tena macho. Yeye alipozidiwa aliongeza neno. Nilichojifunza kwake ni hicho tu: ukielemewa na watu, usianze kupunguza utu.

Jana, sijui kwa nini, nilituma jina langu na jina lake kwenye namba ile. Salamu sikusahau. Jibu lilikuja upesi, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Amahoro. Nasi tu wazima. Unayemtafuta bado hajaonekana. Tunaendelea kumtafuta."