Swali la Beldina Pale Bombani

Kama uliishi mtaa wa Manyatta miaka ile na ulitaka kununua kitu, hukuanzia dukani. Ulianzia bombani kwa Beldina, muuza maji. Maji yalitoka kwa ubahili, laini ya mitungi ilipinda mpaka kwa kinyozi, na mtu hawezi kusimama muda wote huo amefunga mdomo. Kwa hiyo watu waliuliza. Jiko gani la mafuta halitoi moshi. Kuku wakisinzia wapewe nini. Fundi gani wa redio hairudishi redio ikiwa nyepesi kuliko ilivyokwenda.

Beldina alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya koki, akiendesha mambo hayo kama chifu. Sheria yake ilikuwa moja tu. Ukijibu, anakuuliza: "Umetumia, ama umesikia?" Aliyetumia aliachwa aongee mpaka amalize. Aliyesikia alinyamazishwa. Kuna mzee alileta habari kwamba dawa ya meno inaziba sufuria iliyotoboka. Beldina alimtazama, akasema, "Baba, kesho kuja na hiyo sufuria, tukupikie chai ndani yake." Mzee alikuja kesho na mtungi peke yake.

Mimi nilikuwa nauza nyanya hapo karibu, kwa hiyo nilisikia yote. Na miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia Beldina mwenyewe akiuliza kitu. Ya watu aliyajua, yake alikaa nayo. Mpaka mwaka wa tisini na saba, redio ilipoanza kutangaza kwamba inakuja mvua kubwa yenye jina lake yenyewe, El Nino, na watu wakaanza kuangalia mapaa yao.

Asubuhi moja akafunga koki maji yakiwa bado yanatoka. Laini yote ikaguna.

"Msigune," akasema. "Leo mimi ndiye nina swali."

Habari yenyewe wengi waliijua nusu. Absalom, mume wake, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akazikwa kwao, ndani kidogo kutoka Kisian, mbele ya nyumba yake vile inavyotakiwa. Chumba cha Manyatta ni cha kupanga. Nyumba ya Beldina ni ile ya Kisian, ya udongo na nyasi, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa bila nyumba katika dala, yaani boma la wakwe zake, ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Shamba linafuata nyumba. Watoto wanafuata nyumba. Sasa nyasi za paa zilikuwa zimeoza, katikati kuna tundu unaloweza kuonea mawingu, na hakuna mwanamume wa kupanda kuliziba. Nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka mjane arithiwe. Atakayeigusa kabla ya hapo anakaribisha chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomfuata aliyevunja mwiko, na haumwachi mtoto.

Mrithi alikuwepo. Ogola, mdogo wa Absalom, alikuwa tayari hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alikuwa na wake wawili. Wa tatu walimzika mwezi wa sita, amebaki mifupa, na hapakuwa na mtu aliyesema amekufa na nini. Beldina alimkatalia mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili bila heshima. Ogola hakugombana. Alimwambia tu, "Mimi sikufukuzi, shemeji. Mimi nangoja mvua."

Maana nyumba ikianguka, kuijenga upya bila mume hairuhusiwi kabisa. Hapo Beldina angechagua: Ogola, ama arudi kwa kaka zake na watoto wake kama mizigo.

"Swali ni hili," Beldina akasema. "Nyumba inavuja. Kurithiwa sitaki. Nifanye nini isianguke?"

Watu waliokuwa na majibu ya kuku na sufuria wakaangalia mitungi yao.

Simiyu, fundi wa baiskeli, ndiye alithubutu. "Mama, mimi ni Mbukusu. Huo mwiko wenu hata jina langu haujui. Jumamosi napanda, naziba, nashuka."

"Ukishuka utaambiwa wewe ndiye mume," Beldina akamjibu. "Anayepanda paa ndiye mwenye nyumba. Mke wako nimwambie mimi ama utamwambia wewe?"

"Mke wangu hapana," Simiyu akasema, na laini ikacheka kidogo.

Kisha mwanamke mmoja wa huko nyuma, wala simjui jina, akapaza sauti. "Kwani unasumbuka nini? Bichi kule ziwani kuna wanaume wa kukodisha. Analala mara moja, mwiko umeisha, anakwenda zake. Unajenga na mabati ukitaka."

"Umetumia, ama umesikia?"

Yule akaanza kusema ana binamu. Beldina hakumngoja. Lakini kabla hajamnyamazisha, Seline akasema, "Mimi nimetumia."

Seline alikuwa jirani yetu, mwanamke mrefu aliyewahi kubeba magunia mawili ya omena, dagaa wa ziwani, kwa safari moja. Siku hiyo alikuwa amevaa sweta na jua linachoma. Mtungi wake ulikuwa mdogo, ule wa watoto.

"Nilifanya hivyo hivyo," akasema. "Nyumba ikajengwa. Ina mabati, ina saruji mpaka nje. Sasa niangalie, Beldina. Usiangalie chini, niangalie."

Tulikuwa tumeangalia chini sisi wote. Beldina peke yake alimwangalia. Alimwangalia mpaka Seline mwenyewe akageuza uso. Halafu akafungua koki, akauchukua ule mtungi mdogo, akaujaza kabla ya watu wote, na hakuna aliyesema ameruka laini.

Nilidhani mkutano umeishia hapo. Ila Kadija, yule wa nailoni na ndoo za plastiki pale sokoni Kibuye, alikuwa na tabia ya kurudi kwenye jambo kama mtu anayetafuta sindano. Akajifunga leso vizuri, akasema, "Mama Beldina, mimi si wa kwenu, nisaidie nielewe. Kinachokatazwa ni nini haswa? Kugusa paa na ukuta?"

"Kutengeneza nyumba."

"Sawa. Na chandarua ukifunga juu ya kitanda, umetengeneza nyumba?"

"Chandarua ni cha mbu."

"Basi hiki kitakuwa cha mvua," Kadija akasema. "Nailoni ile nzito, nyeusi. Unaitandaza ndani, chini ya paa, juu ya kila kitu. Isiguse paa, isiguse ukuta. Maji yakishuka yanateleza kwa nailoni yanatokea mlangoni. Nilifanya hivyo stoo yangu ilipovuja, mwenye nyumba amekataa kutengeneza. Nimetumia. Bidhaa haikulowa."

Hapo bomba likarudi kuwa bomba. Mmoja akasema turubai la lori ni bora, mwingine akamuuliza atalibeba na nani, na likijaa maji si litamuua mtu. Mmoja akasifu nailoni nyeupe kwa sababu inaingiza mwanga, Kadija akamwambia hiyo nyeupe jua linaila, baada ya muda inavunjika kama mkate mkavu. Simiyu akatoa ushauri wa kamba: katani inaoza ikilowa, chukua ile ya plastiki wanayovutia nyavu. Beldina alimuuliza kila mmoja lile swali lake, na kila mmoja alijibu akiwa ameshika kiuno.

Jumamosi tulikwenda Kisian mimi na Beldina. Kadija alitupatia nailoni, Simiyu akatukatia miti minne iliyonyooka. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, meusi kwa chini, na hewa nzito kama iko ndani ya chungu.

Mama mkwe wa Beldina, sisi tunamwita Dani, yaani bibi, alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua mboga. Alitusalimia, akatuuliza habari za barabarani, hakuuliza miti ni ya nini. Sikupenda vile hakuuliza. Mle ndani Beldina alishika jembe, akaanza kuchimba sakafu tusimamishe mti wa kwanza. Hajapiga mara tatu, kivuli kikaziba mlango.

"Unachimba nini?" Dani akauliza.

"Shimo la mti, mama."

"Mti ukiingia ardhini ndani ya dala hii, hiyo ni nguzo. Nguzo inasimamishwa na mwanamume. Ukichimba umejenga."

Beldina akaachilia jembe. Tulikuwa tumepanga mambo yote pale bombani, nailoni, kamba, rangi, hakuna hata mmoja aliyefikiria shimo. Watu wa mji sisi. Na dala hiyo nzima ingesema alijaribu kujenga, na shimo liko pale sakafuni linawaonyesha.

Dani hakuondoka. Alikaa pale pale kizingitini, akaangalia ziwa. Halafu akasema, kama mtu anayeongea na mboga zake, "Mti ukiwa kwa ndoo si nguzo. Ni mti uko kwa ndoo."

Sikungoja arudie. Nilikimbia jikoni kwake nikakusanya ndoo na debe, nikajaza mawe ya pale mtoni. Beldina alirudisha udongo kwenye kile kishimo, akakanyaga mpaka pakawa sawa. Tukasimamisha miti ndani ya ndoo, tukafunga kamba, tukatandaza nailoni, upande wa nyuma juu, upande wa mlango chini. Ilikuwa mbaya kutazama. Ukisimama wima kichwa kinagusa. Lakini haikugusa ukuta wala paa, nilipitisha mkono wangu pande zote.

Ngurumo ya kwanza na Ogola walifika pamoja.

"Nimesikia mnajenga," akasema akiwa nje. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, hilo sitamnyima, na koti lake la suti alilovaa hata shambani. "Nani amewapa ruhusa?"

"Hakuna aliyejenga," Beldina akamjibu. "Nimetandika nyumba yangu."

"Kutandika juu?"

"Kila mtu na vile analala, shemeji," nikasema mimi.

Hakucheka. Alizunguka nyumba yote akitafuta msumari mpya, kamba kwenye boriti, tope bichi. Hakupata. Akarudi mbele, na mvua ikaanguka, si kwa matone, kwa mpigo mmoja. Akaingia ndani. Nani angemkataza mtu asijikinge mvua?

Akasimama chini ya nailoni, ameinama, maji yanamchuruzika. Akaanza kuvua koti.

Na hapo tu nikaelewa, na Beldina alielewa kabla yangu. Mwanamume akitundika koti lake ndani ya nyumba ya mjane, wazee hawaulizi tena. Koti limelala pale, yeye amelala pale. Ukutani kulikuwa na msumari wa Absalom, mtupu tangu azikwe. Ogola aliuangalia. Alivuta mkono mmoja nje, taratibu, kama mtu aliye kwake, kisha wa pili. Juu yetu maji yalipata lile tundu, yakaanza kupiga nailoni kwa kishindo, ikabonyea katikati kama tumbo, na kamba zikalia.

"Shemeji, vaa koti lako," Beldina akasema.

"Limelowa."

"Livae likiwa limelowa."

"Unataka niugue?" Akapiga hatua kwenda ukutani. Beldina akasimama mbele ya ule msumari. Hakuinua mkono wala sauti, na mimi nilikuwa nimeshika mti mmoja kwa mikono miwili kwa sababu ndoo ilianza kuyumba, nikiuacha nailoni yote inatushukia. Walitazamana hivyo, pua kwa pua chini ya ile plastiki.

"Ogola," Dani akasema kutoka kizingitini. "Mimi nanyeshewa."

"Ingia ndani, mama."

"Siingii. Nataka kwenda kwangu. Lete hilo koti nijifunike."

Mama yake akanyoosha mkono tu, akauacha hapo hewani. Ni mkono wa mwanamke mzee, unalowa mvua, na mtoto wa mwanamke huyo amesimama ndani ameshika koti. Ungemwacha? Hata Ogola hakuweza. Akampa. Dani akalitupa kichwani, akaondoka nalo uani kwa ile mvua, mdogo kama kuku, bila kugeuka. Na Ogola akabaki na shati na mikono mitupu, hana cha kutundika. Kisha akainama chini ya ukingo wa nailoni, maji yote yaliyokuwa yamejikusanya pale yakammwagikia shingoni, akamfuata mama yake.

Beldina alikuja akashika mti wa pili, na tulikaa hivyo tumeshika miti yetu mpaka mvua ilipopungua. Maji yalikuwa yanatoka mlangoni kwa mkondo mmoja, yanapita kando ya kaburi, yanakwenda zake. Ukuta kwa ndani ulikuwa mkavu. Aliupapasa kwa kiganja kutoka kona mpaka kona.

Mvua ile mnaikumbuka nyote, ilivyokula barabara na madaraja. Pale dalani ilibomoa ghala la Ogola na jiko la Dani. Dani akahamia nyumba ya Beldina, akasema mwanamke mzee haachwi nje, na akiwa analala humo Ogola hangeweza kuingia usiku kuulizia koti, maana mwanamume haingii anapolala mama yake. Alikaa humo mpaka jua lilipotoka, na baada ya jua hakuhama.