Nilinyamaza Walipomtenga Masanja

Admin, naomba unifiche jina. Majina nitakayotumia siyo ya kweli na kijiji sitakitaja, ingawa watu wa huku wakisoma watajua tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, nina mke na watoto wanne. Nalima pamba na kufuga, na ni mwenyekiti wa kijiji kimoja huku Bariadi, mkoa wa Simiyu. Watu wananiheshimu. Wananiita niwasuluhishe ugomvi wa mipaka na wa ndoa, na mimi naenda, nakaa kwenye kiti wanachonipa, naamua. Siku hizi wakinishukuru naona aibu hata kuwatazama usoni.

Kijijini kwetu kuna eneo ambalo wananchi walilitenga kwa ajili ya zahanati. Kaka wa mke wangu ni mnunuzi wa pamba, akaniomba sehemu ya eneo hilo ajenge ghala. Shemeji huyu ndiye aliyenibeba wakati wa kampeni, gari lake ndilo nililozungukia. Nikashindwa kumkatalia. Nikaongea na wajumbe wachache wa halmashauri ya kijiji ninaoelewana nao, tukampa. Mkutano mkuu wa wananchi haukuulizwa, na nilijua fika kwamba ulipaswa kuulizwa.

Aliyehoji alikuwa mtu mmoja tu, nitamwita Masanja. Ni mlinzi wa usiku mjini Somanda, anarudi asubuhi kwa baiskeli. Alisimama mkutanoni akasema taratibu, "Mwenyekiti, naomba kujua nani ameamua ghala lijengwe kwenye eneo la zahanati." Nikamjibu kwamba suala liko ofisini linashughulikiwa. Watu wakaanza kunong'onezana. Nilirudi nyumbani nimemchukia, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Haikuchukua muda wazee wa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, wakaleta shauri kwamba Masanja hashiriki misiba. Huku Usukumani hilo ni kosa kubwa. Asiyezika wenzake anatengwa: hakuna kumsalimia, hakuna kumwazima kitu, mashineni hasagiwi, na akifiwa hakuna wa kwenda kwake. Masanja alijieleza kwamba anakesha kazini, na misiba anayoikosa mke wake huenda. Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nimemwona yule mama akichota maji kwenye misiba mingi. Tena nilijua kwamba shemeji ndiye aliyewapitia wazee wale kabla ya kikao, maana alikuja kuniambia huku anacheka. Akasema, "Wewe kaa tu, usiseme kitu."

Nikakaa. Neno langu moja lingetosha kumwokoa. Waliponigeukia nikasema kijiji kimeamua, nikafunga kikao. Na moyoni nilisikia nafuu. Ndugu zangu, hiyo nafuu ndiyo inayonitesa leo kuliko kitu kingine.

Miezi michache baadaye mama yake Masanja alifariki. Kijiji kizima tulikuwa tunamwita mayu, yaani mama. Mke wa Masanja alipiga yowe alfajiri. Kwetu yowe la msiba likisikika, hata aliyeko shambani anaacha jembe anakimbia. Siku ile watu walitoka wakasimama milangoni, wakasikiliza, wakarudi ndani. Mke wangu alishajifunga khanga aende, nikamzuia. Nikamwambia akionekana kule watasema mwenyekiti kavunja uamuzi wa kijiji.

Baadaye asubuhi ile nilipita na pikipiki nikielekea ofisi ya kata, na njia inapita karibu na kwake. Nikamwona Masanja yuko ndani ya kaburi, limemfika kiunoni, anachimba. Mke wake na binti zake wawili walikuwa wanatoa udongo kwa karai. Huku kwetu wanawake hawachimbi kaburi. Akainua uso, akaniona, akaniamkia kama kawaida, "Mwangaluka, mwenyekiti." Salamu hiyo ya asubuhi hata mtu mliyegombana naye akikupa, unaitikia. Mimi niliongeza mwendo nikapita.

Sasa ghala limekamilika na msimu huu limejaa pamba. Wazee wamesema Masanja akitaka kurudishwa atoe ng'ombe, naye ana mmoja tu wa maziwa. Amekataa. Amesema hana kosa la kulipia. Ameanza kuezua nyumba yake ili ahamie Lalago kwa wajomba zake, na upande mmoja mabati ameshayashusha. Mtendaji wa kijiji ananiambia nitulie, jamaa akihama mambo yataisha.

Juzi nilimweleza mke wangu kwamba nataka kuitisha mkutano mkuu niseme yote, la eneo na la kikao kile. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Huyo ni kaka yangu. Na kwa mayu sikwenda kwa sababu yako. Usiniulize mimi." Tangu hapo tunaongea mambo ya watoto tu.

Nikisema, nitaupoteza uenyekiti, pengine nitashtakiwa, na ukoo wa mke wangu hautanisamehe. Nikinyamaza, Masanja ataondoka na kuliacha kaburi la mama yake peke yake, na watu wataendelea kuniita niwaamulie mashauri.

Mnitukane, nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri. Najua wapo mtakaosema niende kwanza kwa Masanja kabla ya mkutano. Jana nilitoka kwenda, nikafika karibu kabisa, nikasikia anagongagonga mabati, nikarudi. Sikujua nikifika nimwambie nini mtu niliyemwacha azike mama yake bila watu. Ninyi mngeanza na neno gani?